Mchumba wa Mkongeni

Jua lilikuwa linazama Fausta alipotoka duka la ushirika, unga wake wa njano kichwani, akiwaza moto wa kupikia tu. Ulikuwa mwaka ule wa njaa, mwaka ambao watu wa milimani walishushwa kwa malori wakapangwa kwa mistari kando ya barabara ya Zombo, nyumba zikitazamana kama wanafunzi kwenye paredi. Kuta zilikuwa bado zinanuka udongo mbichi.

Njiani akakutana na jirani yake, Odilia, amejitwika kuni. Odilia akasimama. Akatazama nyuma, akatazama mbele.

"Mama Letisia, usinione mmbeya. Binti yako yuko wapi?"

"Kaenda kufundisha darasa la kisomo."

"Leo hakuna kisomo. Mwalimu mkuu kaenda Kilosa." Akashusha sauti. "Nimemwona kule mkongeni. Na yule mzee."

Yule mzee. Fausta alikuwa ameshazisikia habari hizo, akazimeza. Letisia alikuwa na miaka kumi na saba. Alipomaliza darasa la saba, kijiji kilimchagua awafundishe watu wazima kusoma na kuandika. Alikuwa binti mwenye sauti, hanyamazishwi kirahisi. Hilo alilirithi kwa mama yake, na wote wawili walijua. Lakini tangu mvua zilipogoma, alikuwa anachelewa kurudi nyumbani. Na nguo zake zilianza kunuka harufu moja... harufu ya majani ya mkonge yaliyooza, kali, ya kuchacha, ambayo aliyewahi kuishi karibu na shamba la mkonge haisahau.

Ajabu ni kwamba mkonge haukuwa ukisindikwa tena. Mitambo ilinyamaza tangu mzungu mwenye shamba alipofungasha na kuondoka, na majani yalibaki shambani yakijiotea.

Letisia aliingia ugali ukiwa bado unasongwa.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa natembea."

"Na nani?"

Binti akawasha kibatari, akakaa. Hakutazama chini. "Anaitwa Melkizedek. Usinikodolee macho, mama. Hakuna baya tunalofanya. Tunakaa, tunaongea. Anapenda kunishika mkono tu."

"Ana umri gani?"

"Sijamuuliza."

"Hukumuuliza kwa sababu unauona. Ana mvi?"

"Alikuwa nazo," Letisia akasema. "Sasa hana."

Fausta alidhani anadhihakiwa. Akauacha mwiko ndani ya sufuria.

"Mwanangu, mtu wa rika la babu yako anatafuta nini kwako? Wanawake wa umri wake wameisha?"

"Ananisikiliza! Hapa kila mtu ananiona mtoto. Darasani wananiita mwalimu, nikitoka nje wananituma maji. Yeye hanitumi. Tena amesema atakuja kujitambulisha kwako kwa heshima zote. Kazi yako ni kumwitikia tu."

Akanyoosha mkono kuchukua bakuli. Mwanga wa moto ukauangukia.

Ngozi ilikuwa imekunjamana. Mishipa imetutumka. Kucha zimekuwa za njano.

Mkono wa bibi kizee.

"Letisia... mkono wako."

"Ni jua," akasema haraka, akauficha ndani ya kanga.

Baba yake, Danieli, alikuwa Kidodi akikata miwa, na asingerudi kabla ya mwisho wa mwezi. Kwa hiyo kulipokucha Fausta alikwenda peke yake kwa mwenyekiti wa kijiji, Makarius, akamkuta anapanga zamu za shamba la pamoja.

"Ndugu Mwenyekiti, mkongeni kuna mtu anamharibu binti yangu."

"Mkongeni hakuna mtu, mama. Nyumba ya manyapara imefungwa. Hizo ni imani za zamani, na kijiji cha ujamaa hakiendeshwi kwa imani za zamani."

"Basi twende wote ukanionyeshe kwamba hakuna mtu."

Makarius akayatazama makubazi yake. Kisha akasema ana kikao.

Kutoka hapo Fausta alikwenda kwa bibi Magreti, ambaye hakuna aliyemzidi umri kijijini. Alimkuta ndani, kwenye giza la chumba chake, anachambua maharage kwenye ungo. Fausta akapiga goti, akamwamkia, akamweleza yote. Bibi hakuinua uso.

"Mwache," akasema mwishoni. "Akishashikwa mkono, mwache. Utapotea na wewe."

"Simwachi, bibi. Niambie unalolijua."

Vidole vya bibi vikaendelea kuchambua. Alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtoto anayeogopa kuamsha watu.

"Nilikuwa na dada yangu, Costancia. Enzi za manamba, wale vibarua wa mkonge. Nyapara wa mkongeni akampenda, mzee wa mvi tupu. Akaja nyumbani jioni. Akavua kofia, akamwamkia mama yetu. Mama alishangaa, mzee mzima kama yule anampa shikamoo yeye. Lakini adabu ni adabu. Akaitikia. Costancia akahamia mkongeni."

"Halafu?"

"Halafu mimi nikaenda kumtembelea. Mlangoni nikakuta kizee hana jino hata moja. Nikamwamkia. Akaanza kulia... Akaniita kwa jina langu la utotoni."

Fausta akasogea karibu na ungo.

"Na nyapara?"

"Alikuwa uwanjani. Anacheza mpira na vijana."

"Bibi, huyo nyapara alikuwa anaitwa Melkizedek?"

Ungo ulianguka. Maharage yakatawanyika chumba kizima, na bibi Magreti akajifunika kanga usoni.

Jioni ile Letisia hakurudi. Fausta hakwenda kuita watu. Wangekuja na maneno mengi, wangesubiri kukuche. Alichukua panga, akajifunga kanga kiunoni, akashika njia ya mkongeni mwanga ukiwa bado upo.

Mistari ya mkonge ilimpokea pande zote mbili, majani marefu yenye miiba nchani, yamesimama kimya. Hapakuwa na ndege. Hapakuwa na upepo. Alipita reli ndogo zilizokuwa zikibeba majani, zimeliwa na kutu. Na kadiri alivyoendelea, ile harufu ikazidi. Ikamwingia puani, ikamkaa kooni.

Kisha akasikia.

Ngu... ngu... ngu...

Mitambo. Mitambo iliyokufa ilikuwa inazunguka.

Miguu ilimwambia rudi. Fausta akaitukana miguu yake kwa sauti. "Mbele! Mtoto ni wangu. Sikumzaa ili niwape watu wa mkongeni!" Sauti yake mwenyewe ikampa nguvu. Akaendelea kutembea huku akigonga panga kwenye reli, kusudi asikike anakuja.

Nyumba ya manyapara ilikuwa wazi. Kwenye baraza walisimama watu wawili.

Mwanamume alionekana kijana wa miaka thelathini hivi. Kaptula ya kaki iliyopigwa pasi, soksi ndefu, kofia ya pama. Mzuri wa sura. Lakini nguo zile zilikuwa za zamani, za mtindo ambao Fausta aliuona kwa baba yake alipokuwa mdogo. Na alikuwa amemshika Letisia mkono.

Letisia alikuwa anasinzia wima. Nywele za mbele zilikuwa zimekuwa nyeupe.

"Mwachie mwanangu."

Mwanamume akatabasamu. Akavua kofia, akainama kwa adabu kubwa mno.

"Shikamoo, mama."

Mitambo ikanyamaza ghafla.

Tangu alipojua kusema, Fausta hakuwahi kuiacha shikamoo ya mtu ipite hewani. Ulimi wake ulikuwa umefundishwa hivyo. Ulijibu wenyewe kabla yeye hajafikiri. Sasa aliusikia ukiinuka.

"Ma..."

Akauuma. Akauuma hadi akaonja damu.

"Shikamoo, mama mkwe." Akashuka ngazi moja. Sauti yake ilikuwa laini. "Mbona huitikii? Nimekosa adabu?"

"Mama," Letisia akanong'ona, macho hayajafunguka vizuri. "Mwitikie. Unanitia aibu."

"Siitikii."

"Shikamoo, mama..."

Alikuwa amefika karibu sasa. Pumzi yake ilinuka mkonge. Na Fausta akamtazama machoni, na macho yale hayakuwa ya kijana. Yalikuwa yamechoka, yana ukungu, macho ya mtu aliyemzika kila anayemjua. Ndipo lilipomjia. Huyu hamwamkii. Anampa umri wake auvae. Anayesema marahaba amekubali kwamba yeye ndiye mkubwa na huyu ndiye mtoto, na mtoto akishakubaliwa, aliyeshikwa mkono ndiye atakayezeeka badala yake.

Fausta akatupa panga chini.

Akapiga magoti yote mawili juu ya miiba, kama alivyofundishwa kuwaamkia wazee, akainua kichwa, akapaza sauti hadi mlimani.

"Shikamoo, babu!"

Tabasamu likamfia mdomoni.

"Usi..."

"Shikamoo, babu! Wewe umemzidi bibi yangu! Umewazidi wote waliolala makaburini hapa! Shikamoo!"

Alirudi nyuma. Akajiziba mdomo kwa kofia. Mashavu yake yalikuwa yanacheza, koo linapanda na kushuka, kama mtu anayezuia kutapika. Naye pia alikuwa amefundishwa. Ni nani aliyemfundisha, na zama gani, Mungu ndiye anayejua.

"Shikamoo!"

Na nyuma ya kofia ikatoka sauti nyembamba, kavu, ya mbali sana...

"Marahaba."

Letisia akaanguka kama gunia. Fausta alimrukia, akamkumbatia, akamfunika kichwa kwa kanga. Kwa hiyo aliona kidogo tu. Aliona soksi ndefu zikiporomoka juu ya miguu iliyokuwa mifupa. Alisikia kitu kinasagika, kama jani kavu chini ya kiatu. Alipoinua macho, baraza lilikuwa tupu, na katikati ya mistari ya mkonge kitu kidogo, cha chini, kilikuwa kinatambaa. Kilikuwa kinalia.

Alimbeba binti yake mgongoni hadi nyumbani, mtu mzima na kimo chake, na hakumpumzisha njiani.

Danieli aliporudi kutoka Kidodi alikwenda mkongeni na wanaume wa kijiji, Makarius akiwa wa mwisho kwenye msafara. Hawakumkuta mtu, hai wala maiti. Katika chumba cha nyuma walikuta nguo za wasichana zimekunjwa vizuri, zimepangwa: kanga, gauni za misheni, na chini kabisa kaniki zilizokuwa zinamomonyoka zikiguswa. Makarius aliagiza zichomwe. Jambo hilo hakuliingiza katika taarifa yake yoyote.

Nywele za Letisia zilirudia weusi wake. Mkono haukurudi. Kwa muda mrefu hakuzungumza na mama yake. Alikula, alifua, alikwenda kufundisha, akarudi na kulala akiwa ameelekea ukutani. Fausta hakumbembeleza na hakuomba radhi. Kila asubuhi alimwekea uji wake mahali pale pale.

Siku moja Letisia alikuja kukaa karibu naye jikoni.

"Nilikuwa najiona ninaisha, mama. Nilikuwa najua. Nilidhani ndivyo mapenzi yalivyo."

Fausta alichukua mafuta ya nyonyo, akaushika mkono ule wa kizee, akaupaka taratibu, kidole kwa kidole.

Mvua zilikuwa zimesharudi Odilia alipokwenda Munisagara, penye stesheni ya reli, kumuuguza dada yake. Aliporudi alipitia kwa Fausta, akakaa kwenye kigoda, akaanza kuhadithia ya huko: mahindi yao, treni zao, ndoa zao. "Na kuna mzee mmoja kashushwa na treni ya mizigo," akasema, "mzee hasa, mtu wa kubebwa kama mtoto mchanga. Hana ndugu. Lakini kuna kabinti ka mfanyakazi wa reli, kamemaliza shule juzi tu, kanampelekea uji kila siku na kukaa naye. Watu wanamsifu! Mzee mwenyewe ana nafuu ya ajabu. Nilivyoondoka alikuwa ameshaanza kutembea."

Fausta alisimama. Hakuuliza jina la mzee. Alichukua kanga iliyokuwa imeanikwa, bado mbichi, akajifunga.

"Unakwenda wapi?" Odilia akashangaa. "Munisagara si hapa. Na huyo binti humjui!"

"Mama, ngoja." Letisia alikuwa ameshatokea mlangoni, amevaa viatu. "Hatakusikiliza wewe. Mimi sikukusikiliza. Mimi atanisikiliza."

Walitoka pamoja hadi barabarani. Lori lililokuwa linaelekea Kilosa, wanakopandia treni ya Munisagara, lilikuwa linakuja kwa kasi, limejaa, dereva anapunga mkono kuwaambia hakuna nafasi. Fausta akasimama katikati ya barabara. Letisia akasimama kando yake.

Dereva akapiga honi. Akapiga tena.

Hawakusogea.