Bega la Njia ya Beni

Dereva wa teksi ya Beni alitaka wanne nyuma, na wanne nyuma hawaenei mpaka mmoja aegemee, wa pili ainame mbele, wa tatu aegemee, wa nne ainame. Abigaïl, muuza vitenge wa Vulamba, aliangukia zamu ya kuinama, kando ya kijana mwenye shati la samawati lililonyooshwa vizuri. Akaweka mkoba wake, sakoshi ya ngozi, katikati yao, kama msichana yeyote mwenye heshima.

— Dada, hii sakoshi nayo ililipa nafasi?

— Hapana. Ni mulinzi wangu.

— Basi umuambie apunguze viwiko.

Abigaïl alicheka bila kutaka. Jephté, ndilo jina la kijana, alifundisha shule huko Beni. Kabla ya kufika walikuwa wamepeana namba, na safari zilizofuata sakoshi ilihamia magotini.

— Chérie, ulikula? Jephté aliuliza kila jioni kwa simu.

— Nilikula. Ungekuwa hapa ungemaliza sombe yote, mulafi wewe.

Walifika mahali pa kuzungumzia mbuzi wa mahari. Kisha siku ya soko, Abigaïl akiwa Beni, teksi ilipita polepole mbele yake. Jephté alikuwa nyuma, na mwanamke mwenye kitenge cha kijani amelala begani pake kama yuko kwake. Jephté hakujitoa hata kidogo. Abigaïl akashikwa na wivu, akatoa simu.

— Ule mwanamuke ni nani? aliuliza kwenye simu.

— Simujue, chérie. Alikuwa anatoka kwa kilio, kuzika mutu. Alilala, nikamuacha.

— Mutu haujue, na analala kwa bega yako?

Akakata simu, akaifungia namba yake. Jephté alipokuja Vulamba, Abigaïl alijificha chumbani na kumtuma dada yake Léa aseme hayupo. Alikuja tena, akaambiwa vilevile.

Miezi ikapita. Leo, katika teksi ya Beni, mama mmoja asiyemjua, macho yamevimba kwa kulia, alisinzia na kichwa chake kikamwangukia Abigaïl begani. Abigaïl aliinua mkono amsukume, akashindwa. Katika njia hii watu wamezika wapendwa wengi mno, na anayepata usingizi huachwa alale. Hapo akaelewa alichomfanyia Jephté, na moyo ukamuuma sana. Akapiga simu kwa sauti ya chini.

— Jephté, ni miye. Unisamehe. Ulisemaka kweli.



— Abi, nilikungojea miezi mingi. Mbuzi zilishafika kwa akina Élise, muchumba wangu mupya. Pasta alishatangaza ndoa.

— Unamupenda?

— Usiniulize ile. Uko wapi?

— Ndani ya taxi. Kuko mama mumoja, amelala kwa bega yangu.

— Basi usimuamushe, Jephté alisema, akakata simu.

Abigaïl alilia bila sauti, akayaacha machozi yashuke mpaka kidevuni, akijitahidi bega lisitikisike.