Jina la Mtoto wa Pili

Saa mbili na nusu asubuhi, Jumamosi moja ya Juni 2023, foleni ya tiketi katika stesheni ya treni Mpanda ilikuwa imetoka nje ya mlango na kupinda kufuata kivuli cha ukuta. Kijana mmoja alikuwa akipita kando yake, simu mkononi, akimuuliza kila mtu swali lilelile. Wachache walimjibu. Mama mmoja mwenye kuku kwenye tenga alimfukuza.

Alipofika kwa msichana aliyevaa gauni la kitenge cha njano, alipunguza sauti.

"Samahani dada. Kwenu mtoto akizaliwa, nani anampa jina?"

Msichana alimtazama kuanzia viatu, vilivyojaa vumbi jekundu, hadi shati jeupe lililonyooshwa vizuri kupita kiasi.

"Sensa si ilipita mwaka jana?"

"Sio sensa. Natengeneza gemu ya simu. Nchi ya kubuni, ina koo tisa, majoka, nyati wenye mabawa. Kila kitu kimekaa sawa, nimekwama kwenye majina na hadhi za koo."

"Majoka umeyaweza, majina yamekushinda?"

"Joka halina shangazi," kijana akasema. "Mtu ukimpa jina, ndugu zake wote wanakuja nalo."

Msichana akacheka. Rafiki yake Scola, ambaye ndiye aliyekuwa akisafiri, akamsukuma begani. "Mpe namba, Eufrazia. Foleni inasogea na mimi nina mizigo."

Eufrazia alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari huko Mwamkulu. Kwao ni Usevya, Mpimbwe, katika familia ya wakulima wa mpunga waliokuwa wakisali Katoliki tangu enzi za babu wa babu. Kijana yule, Masele, alikuwa Msukuma. Wazazi wake walishuka na ng'ombe kutoka kaskazini wakaishia Kabungu, naye alizaliwa hapo. Alisoma kompyuta Dodoma, akarudi Mpanda, akafungua kichumba cha kutengeneza simu Makanyagio. Gemu aliifanyia kazi wateja wakiisha.

Alipiga simu jioni ileile.

"Mwalimu, shikamoo."

"Usinizeeshe. Sema shida yako."

"Hujajibu swali langu la stesheni."

"Sijibu maswali ya foleni. Ninunulie soda, nitakujibu nimekaa."

Wakawa wanakutana Jumamosi katika mgahawa ulio nyuma ya soko. Eufrazia alikuja na nywele zilizosukwa upya na kalamu nyekundu ya kusahihishia. Masele alikuja na kompyuta yake. Gemu ilikuwa na uwezo wa kujicheza yenyewe: ukiiacha wakati mnakula wali na samaki, vizazi sita vya watu wa kubuni vilizaliwa, vikaoana, vikapigana na kufa. Mwisho wa sahani ungejua ni ukoo gani umepanda na upi umeshuka.

"Ukoo wa Bonde umekufa tena," Masele akasema. Ukoo wa Bonde walilima mpunga unaong'aa gizani. Ukoo wa Wingu walifuga nyati wenye mabawa. "Kila wakioza binti, hadhi inahamia kwa Wingu. Baada ya vizazi vitatu wamekwisha."

"Kwa nini ihame?"

"Nyati wametolewa. Mahari."

"Msukuma bwana. Nyati wakitolewa, basi yule binti kafutwa ubaoni?"

"Haya mwalimu, nipe kanuni."

Eufrazia aliweka kijiko chini. "Mtoto wa kwanza anapewa jina na upande wa baba. Wa pili, upande wa mama. Na jina hilo liwe la mtu wa kwao aliyeondoka. Jina likishabebwa, hadhi ya ukoo wa mama haipungui."

"Aliyeondoka, yaani aliyekufa?"

"Au aliyekwenda moja kwa moja. Mtu ambaye hamtakuwa naye tena. Mchezaji mwenyewe ndiye anamuandika kwenye ukurasa wa walioondoka. Hakuna wa kumuandikia."

Masele aliiandika palepale. Waliiacha gemu ijicheze tena. Ukoo wa Bonde haukufa.

"Mpenzi, una akili," akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza la namna hiyo, na lilimtoka akiwa anatazama kioo cha kompyuta.

"Kumbe mpaka niokoe ukoo ndiyo niitwe mpenzi."

Kuna jambo ambalo Eufrazia hakulisema. Alikuwa na kaka mmoja, Isidori, aliyekufa masika ambayo maji yalikata barabara ya Usevya na gari la kumpeleka hospitali likarudi lilikotoka. Baba yao, Mzee Melkior, hakuwa na mtoto mwingine wa kiume. Katika familia yao, mtoto akipewa jina la marehemu huitwa kama marehemu alivyoitwa. Eufrazia alitaka mtoto wake wa pili aitwe Isidori, ili baba yake apate tena mtu wa kumwita mwanangu. Kwake hili lilikuwa sharti la ndoa, lakini hakutaka kuliomba. Aliona kuwa jina lililoombwa ni msaada, na yeye hakutaka msaada kwa mkwe wa baba yake. Mwanamume aliyeiandika kanuni ile kwa mkono wake, bila kubishana, alikuwa ameshamjibu. Hivyo ndivyo alivyoamini.

Krismasi alimpeleka Masele Usevya. Mzee Melkior, aliyevaa koti la kanisani, alikasimamisha katoto ka kike ka jirani mlangoni na kukaamkia kwa kichwa kilichoinama: "Shikamoo, mama."

Masele akacheka. "Baba, mbona unamwamkia mtoto?"

"Anabeba jina la mama yangu. Nisipomwamkia atakasirika aninyime ubwabwa."

Masele aliomba ruhusa ya kuiweka salamu hiyo kwenye gemu. Mzee akamruhusu, akitaka tu kujua kama majoka nayo yanaamkiana. Ukutani palikuwa na picha ya kijana mwenye sare ya shule. Masele aliuliza ni nani. "Kaka yangu, marehemu," Eufrazia akajibu. Masele akampa pole. Hakuuliza zaidi, kwa kuwa aliona si adabu.

Aprili ilikuwa zamu ya kwenda Kabungu. Baba mdogo wa Masele, Machibya, ambaye ndiye angekuwa mshenga, alichinja mbuzi na kumtania mgeni tangu asubuhi.

"Mwalimu, kwenu mnahesabu mpunga kwa punje? Hapa tunahesabu kwa mikia."

"Mikia tutahesabu, baba. Mimi ni mwalimu wa hesabu, msije mkanipa pungufu."

Watu wakacheka. Kisha, bila nia mbaya, Eufrazia akauliza kama hapo Kabungu mtoto anaweza kupewa jina la upande wa mama.

"Ng'ombe wakishatoka hapa," Machibya akasema akicheka, "jina litatoka kwenu tena? Si tutakuwa tumelipa mara mbili?"

Eufrazia alimgeukia Masele. Masele alikuwa ameinamia simu. Wakati huohuo ulikuwa umeingia ujumbe kutoka kwa waandaaji wa shindano la gemu la Dar es Salaam: kazi yake ilikuwa nzuri, lakini ilikwenda taratibu mno, kwa sababu koo hazikuwa zikianguka. Bila kuanguka hakuna mshindi. Alikuwa na wiki moja ya kurekebisha. Swali alilisikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Akaendelea kusoma ujumbe.

Wiki iliyofuata aliiondoa kanuni ya mtoto wa pili. Alijaribu dawa nyingine kwanza, na hakuna iliyofanya kazi. Hilo lilikuwa kweli. Kwamba alipaswa kumwambia mwenye kanuni lilikuwa kweli pia, lakini Eufrazia alikuwa kwenye mitihani, na Masele alipanga kumweleza baadaye.

Eufrazia alikuwa mmoja wa wajaribu wa gemu. Alipata toleo jipya Mei, siku lilipotoka. Alimwoza binti wa Bonde kwa Wingu, kama alivyozoea. Mtoto wa kwanza akapewa jina na upande wa baba. Wa pili naye akapewa jina na upande wa baba. Alirudia mara moja kuhakikisha, kisha akazima simu.

Washenga walikuwa waende Usevya Julai. Mzee Melkior, baada ya kuzungumza na binti yake, aliagiza wasije.

"Baba mdogo kaambiwa abaki nyumbani," Masele alisema kwenye simu. "Nimekosa nini, mpenzi?"

"Hujakosa. Umejibu."

"Nimejibu nini?"

"Masele, wewe ni mtu wa kanuni. Kaitazame kazi yako mwenyewe."

"Kazi ipi? Nieleze, nitarekebisha."

"Hilo ndilo ninalolikataa. Sitaki kurekebishiwa."

Akakata. Masele alifikiri kwa utaratibu, kama alivyofikiri kuhusu simu iliyogoma kuwaka. Kazi yake ilikuwa ufundi, na Eufrazia aliwahi kulalamika kuwa anakesha nayo hadi Jumapili. Akahitimisha kuwa tatizo ni Jumapili, yaani kanisa. Yeye hakuwa amebatizwa. Akajiandikisha mafundisho ya ubatizo katika parokia moja ya mjini na kuyahudhuria kimyakimya, akikusudia kumtokea siku moja na jina la ubatizo. Ilikuwa kazi kubwa iliyofanywa vizuri, kwa tatizo ambalo halikuwepo.

Novemba alitoka mafundisho akakutana na Scola getini, ameshika mwavuli, amevaa kitenge cha kwaya.

"Shemeji wa zamani. Unafanya nini huku?"

"Nasoma dini. Usimwambie."

"Dini?" Scola akamvuta chini ya mwavuli. "Masele, nani kakwambia ni dini? Ni Isidori."

Akamweleza yote, wamesimama kwenye manyunyu. Mwisho Masele akauliza jambo moja tu. "Kwa nini hakuniambia?"

"Alikuambia. Mkaiandika pamoja."

Kila hatua ya wajaribu ilikuwa ikirudi kwenye kompyuta ya Masele. Wajaribu wote walijua hivyo. Alifungua za Eufrazia. Katika kila mchezo aliocheza kabla ya toleo jipya, mtoto wa pili wa binti wa Bonde aliitwa Isidori. Chini yake palikuwa na maelezo ya Masele mwenyewe ya Machi: mchezaji anarudia jina moja, kuongeza uchaguzi wa majina.

Alimpigia asubuhi. Walikutana mgahawani nyuma ya soko. Eufrazia alivaa sketi ya kijivu na sweta, nywele amefunga kilemba. Hakuagiza kitu.

"Mtoto wa pili ataitwa Isidori," Masele akasema. "Hata wa kwanza. Baba mdogo nitamwambia mwenyewe."

"Asante."

"Niliitoa kwa sababu ya shindano. Koo hazikuwa zinaanguka. Sikujua ilikuwa yetu."

"Nimekuamini. Ungekuwa mwongo ningeona Kabungu." Alizungusha kifuniko cha soda ambacho mtu mwingine alikiacha mezani. "Na mimi nina langu. Nilikutega kwa swali halafu nikakusahihisha bila kukuonyesha mtihani. Mwalimu mwenzangu akifanya hivyo namshitaki kwa mkuu."

"Basi tumekosa wote. Tuanze upya."

"Septemba kuna watu walikuja Usevya. Kijana anaitwa Polycarpe, ana mashine ya kukoboa mpunga huko Majimoto. Mshenga wake alipokaa tu, kabla ya maji ya kunywa, akasema: tunajua nyumba hii ina jina linasubiri, na sisi tutalibeba. Baba alilia, Masele. Sijawahi kumwona analia tangu mazishi."

"Na wewe?"

"Mimi nilisema ndiyo. Matangazo ya kanisani yanaanza Jumapili hii."

"Unampenda?"

"Ni mtu mzuri."

"Sikuuliza hivyo."

"Nimesikia ulichouliza." Alisimama, akanyoosha sweta. "Scola kasema unasoma ubatizo. Umechagua jina gani?"

"Bado. Nilitaka unichagulie."

Eufrazia alirudisha kifuniko cha soda mezani. Akamshika bega mara moja, kama watu wanavyoagana msibani, akatoka kupitia upande wa wauza dagaa.

Shindano Masele hakushinda. Jumapili ya tangazo la pili la ndoa aliirudisha kanuni kwenye gemu, neno kwa neno kama ilivyotamkwa na Eufrazia, na kuwatumia wajaribu wote toleo hilo bila maelezo.

Jumapili iliyofuata padre alisoma tangazo la tatu la ndoa ya Polycarpe na Eufrazia. Hakukuwa na pingamizi. Saa tisa alasiri, akaunti ya Eufrazia ilifungua gemu kwa mara ya kwanza tangu Mei. Masele alikuwa kichumbani Makanyagio, na hatua zilifika kwenye kompyuta yake moja baada ya nyingine.

Binti wa Bonde aliolewa na kijana wa Wingu. Mtoto wa kwanza alizaliwa, akapewa jina na upande wa baba. Wa pili akazaliwa. Gemu ikauliza jina. Mchezaji akafungua ukurasa wa walioondoka. Jina la Isidori lilikuwepo pale tangu zamani. Hakulichagua. Aliandika jina jingine chini yake, akalithibitisha, akarudi, akampa mtoto.

Masele.