Sukari ya Kiazi na Kidole cha Kalisti

Katika kikundi cha akina mama wa kanisa moja mjini Dallas palikuwa na kanuni moja ambayo kila mwanachama aliijua kwa moyo. Mtu akieneza habari ya dawa au ya chakula cha mgonjwa bila kumwuliza mwenye ujuzi, na habari hiyo ikawa si ya kweli, ataifuata mwenyewe kila alikoipeleka. Hatatuma ujumbe wala kupiga simu. Ataingia nyumbani kwa mwenzake na kusimama. Hataketi wala kuonja kitu mpaka yule aliyedanganywa awe ameutamka ukweli kwa kinywa chake.

Kanuni hiyo iliandikwa na Theodora, katibu wa kikundi, mwanamke mwenye mwandiko mzuri na msimamo mkali. Alipoiandika alikuwa akimfikiria mama mmoja aliyependa kugawa majani ya kutibu presha. Hakuwaza kwamba yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kuitumikia.

Theodora na mumewe Kalisti walikaa Vickery Meadow, mjini Dallas, katika fleti ya ghorofa ya pili. Kalisti alikuwa mlinzi wa majengo ya ofisi kule Richardson. Alikwenda kwa treni asubuhi, akazunguka majengo kutwa nzima kwa miguu, akarudi jioni. Kwa miaka minne alikuwa na ugonjwa wa kisukari. Naye alikulia Arusha Chini, kando ya mashamba ya miwa, na ujana wake aliumalizia kiwandani akichemsha maji ya miwa mpaka yawe sukari. Mtu wa namna hiyo kunywa chai isiyo na sukari ni kama kutumikia kifungo. Kila jioni aliinua kikombe, akakunja uso, akameza. Theodora alimtazama na moyo ukamuuma.

Mwezi wa Novemba, Deo, mtoto wa kaka yake Theodora, alirudi kutoka majimbo ya kaskazini. Alikuwa ameendesha lori katika mavuno ya viazisukari. Alileta zawadi mbili: mfuko mkubwa wa sukari, na kiazi kimoja kilichokunjwa katika gazeti. Kilikuwa kizito, cheupe, kinene juu na chembamba chini, na udongo mweusi ulikuwa bado umekishika.

"Shangazi, sukari hii haikutoka kwenye muwa," alisema Deo. "Imetoka kwenye mzizi huu. Ni ndugu yake bitiruti."

Kalisti alikigeuza kiazi mkononi, akasema kwamba kwao kitu kama hicho wangempa ng'ombe. Deo akacheka, akamwambia kwamba hata huko ng'ombe hupata fungu lao. Akaanza kueleza habari za kiwanda. Lakini Theodora hakumsikiliza tena. Alikwisha kuingia jikoni na mfuko wa sukari, na neno moja lilikuwa likimzunguka kichwani: bitiruti.

Alipojifungua mwanawe Elia, mama yake alimnywesha maji ya bitiruti siku arobaini ili damu irudi. Huko kwao kila mtu alijua kwamba bitiruti ni dawa ya damu. Kisukari nacho ni ugonjwa wa damu. Basi sukari iliyotoka katika ukoo wa bitiruti itamdhuruje mgonjwa? Alipiga hesabu hiyo peke yake, akairidhia peke yake. Hakumwuliza Nyaboke, muuguzi Mkenya aliyekaa mlango wa pili. Jioni ile alitia vijiko viwili katika chai ya mumewe.

Kalisti alionja. Alikirudisha kikombe mezani, akamtazama mkewe.

"Mama Elia, hii ni nini?"

"Ni sukari ya kiazi. Haina madhara. Kunywa, mume wangu."

Alikunywa, akaomba kikombe cha pili.

Tangu siku hiyo nyumba ikachangamka. Kalisti aliimba bafuni. Kipima sukari kilitiwa kwenye droo, kwa maana Theodora aliona hakina kazi tena. Furaha ilimponza zaidi. Alipima sukari ile katika mikebe akawapelekea wanawake wenzake watatu waliokuwa na wagonjwa. Watu wa kanisa walipokwenda kwenye mkutano Houston, alibeba mkebe wa nne, akampa Clarisse, mjane wa Kikongo aliyekuwa mwanachama wa kikundi chao kabla ya kuhamia mtaa wa Gulfton mjini humo, ambaye naye ana kisukari. Clarisse alimshukuru sana.

Mwezi wa Januari Kalisti alipewa viatu vipya vya kazi. Kiatu cha kushoto kilimchubua kidole kidogo. Hakusikia maumivu, maana sukari ikizidi mwilini kwa muda mrefu huua hisia za miguu. Alipokuja kuliona doa la damu kwenye soksi, kidonda kilikuwa na siku nyingi. Theodora alikiosha kwa maji ya chumvi. Baada ya wiki mbili kidole kilikuwa cheusi, na chumba kilinuka.

Ndipo alipomwita Nyaboke. Muuguzi alikitazama kidonda, akaagiza kipima sukari. Alipoisoma namba, aliuliza kwa upole Mzee alikuwa akila nini. Theodora alimletea mfuko wa sukari, akamweleza habari ya bitiruti. Alieleza kwa fahari mwanzoni. Kadiri alivyoendelea kumtazama Nyaboke usoni, sauti yake ilipungua.

"Mama, mbona hukuniuliza?" alisema Nyaboke. "Mimi niko hapa tu, ukuta mmoja."

Hospitalini walikata kidole. Daktari alisema wangechelewa wiki moja zaidi, wangeukata mguu.

Siku Kalisti aliporudi nyumbani, Deo alikuja, akaketi mkekani kama mshtakiwa. Nyaboke naye alikuwapo. Theodora alimtaka mpwa wake amalizie yale maelezo ambayo yeye aliyakimbia. Safari hii alisikiliza mpaka mwisho.

Deo alieleza kwamba wakulima wa kaskazini hupanda viazisukari wakati wa masika ya huko, baridi inapokwisha, mwaka mmoja kiazi, mwaka mwingine ngano, ili udongo usichoke. Huvuna mwezi wa Oktoba kwa haraka, malori yakipokezana mchana na usiku, kabla ardhi haijaganda. Viazi hulundikwa nje katika vilima virefu kuliko nyumba, na baridi ndiyo ghala lao. Kiwandani huoshwa, hukatwa vipande vyembamba kama tambi, kisha hulowekwa katika maji ya moto mpaka utamu wote utoke. Maji yale husafishwa kwa chokaa, huchemshwa mpaka yawe mazito, halafu huzungushwa kwa mashine hadi chembe nyeupe zibaki. Makapi huwa chakula cha ng'ombe. Molasi, yale maji meusi mazito yanayobaki, hulisha mifugo na hutumika kutengenezea hamira. Kule alikofanya kazi, wakulima wenyewe ndio wenye kiwanda, kwa njia ya ushirika. Zaidi ya nusu ya sukari inayotengenezwa Marekani hutoka katika viazi hivyo.

"Na uzuri wa bitiruti huenda wapi?" aliuliza Theodora.

"Huondoka pamoja na makapi na takataka, shangazi. Kinachobaki ni sukari tupu, sawasawa na ya muwa. Ukiziweka mezani pamoja hutazitofautisha."

Nyaboke aliongeza kwamba mwili nao hauzitofautishi. Sukari ya muwa, ya kiazi, nyeupe au ya kahawia, hata asali, zote hupandisha sukari ya damu. Aliwafundisha kupima kila asubuhi na kuandika namba. Aliwafundisha kukagua miguu kila jioni, kidole kwa kidole, na nyayo kwa kioo. Kidonda kidogo cha mgonjwa wa kisukari kipelekwe kliniki siku hiyohiyo, wala kisisubiri maji ya chumvi.

Theodora alijifunika uso kwa kitenge. Alisema kwamba ni yeye aliyemkata mumewe kidole kwa mkono wake.

Kalisti alisema, huku akiutazama mguu wake uliofungwa bandeji:

"Usijitwike yote, Mama Elia. Ulimi wangu umelelewa kiwandani. Nilijua tangu kijiko cha kwanza kwamba ile ni sukari. Nilinyamaza kwa sababu chai ilikuwa tamu."

Theodora aliinuka, akaumimina mfuko wote kwenye pipa la taka.

Juma lile alizitembelea nyumba tatu za Dallas. Alisimama, akasema, akasikia ukweli ukitamkwa. Wawili walikuwa hawajaifungua mikebe. Wa tatu alilia, kwa kuwa baba yake alikuwa amekwisha kuimaliza.

Ilibaki Gulfton. Deo alisema angewapeleka baada ya mwezi. Theodora alikataa kungoja. Alipanda basi la Houston Jumamosi alfajiri, na Kalisti akamfuata na fimbo yake, ingawa alikatazwa.

Clarisse aliwafungulia mlango kwa furaha, akavuta viti. Kalisti aliketi. Theodora alibaki wima. Clarisse aliziona nyayo zake zilivyogandama sakafuni, akaikumbuka kanuni, na tabasamu likamtoweka.

"Mama Elia, umeleta neno gani?"

Theodora alisema yote, bila kujitetea. Kalisti alivua kiatu na soksi, akaonyesha mahali pasipo kidole. Clarisse akaleta mkebe kutoka kabatini. Ulikuwa umebaki robo.

"Ndiyo maana macho yangu inaona giza-giza," alisema. "Mimi nilifikiri ni uzee."

Alipima damu yake mbele yao. Namba ilikuwa ya kutisha. Papo hapo alipiga simu kliniki, wakamwambia aende mara moja. Jirani yake mwenye gari akakubali kumpeleka. Theodora alikuwa bado amesimama, machozi yakimtiririka. Hakuthubutu kuomba radhi mara ya pili.

Clarisse alivaa koti. Alichukua mkebe, akamwaga sukari ile kwenye sinki, akafungulia maji. Akageuka.

"Sukari ya kiazi ni sukari," alisema polepole. "Na mgonjwa aulize muuguzi kwanza."

Akavuta kiti kilichokuwa karibu na mlango.

"Nimelisema, Mama Elia. Sasa kaa."

Theodora akaketi.