Kitabu Kilichokaribia Kuzikwa

Kila Ijumaa mama yangu, Gizela, husuka unga wa mikate ya Sabato kama nywele. Ijumaa hiyo jirani yetu Hersh, karani wa wakili hapa Brooklyn, alikuja kuomba chachu, akaganda mezani.

"Bi Gizela, watu walioweka akiba Uswisi kabla ya vita wanazishtaki benki. Baba yako si alikuwa nayo?"

"Usinichokoze, Hersh. Nilikwenda baada ya vita. Wakadai cheti cha kifo cha baba. Kule kambini Auschwitz walikomuua, walikuwa wanatoa vyeti?"

"Ndiyo maana tunashtaki kwa pamoja. Safari hii cheti hicho hakihitajiki. Barua, stakabadhi, hata bahasha yenye jina la benki inasaidia."

Mama aliacha unga. "Stakabadhi ilikuwa ndani ya kitabu cha sala cha baba."

"Kiko wapi?"

"Kilichakaa. Nimekipeleka sinagogi kizikwe."

Nilishtuka. Kwetu Wayahudi, kitabu chenye jina la Mungu hakitupwi. Kikichakaa, huzikwa makaburini kama mtu.

"Wanazika lini, mama?"

"Leo, kabla ya Sabato kuingia."

Tulikimbia, mama na unga wake mikononi. Uani mwa sinagogi, lori lilikuwa linapakiwa.

"Magunia arobaini!" Hersh akaguna.

"Basi anza na la kwanza, mvivu wewe!" mama akamjibu.

Tulikipata katika gunia la kumi na tisa. Karatasi ilikuwa nyuma ya jalada, nyembamba kama ganda la kitunguu. Ilikuwa na saini ya babu na mwaka 1938. Kule kwao, jirani Mkristo alikuwa amekificha kitabu hicho wakati wote wa vita, naye mama alikuwa hajalifunua jalada hilo kwa miaka hamsini. Wapakiaji wenyewe waliacha kazi, wakasogea.

"Mwandiko wake," mama alinong'ona.

Hersh alisema taratibu, "Tutatoa nakala. Hii halisi itunze. Na andika unachokumbuka: majina yote, mji, mwaka."

Mama aliandika kurasa sita.

Baada ya miaka mitano barua ya mahakama ilifika. Akaunti ilikuwa ya babu, Mór Braun, na mrithi wake ni bintiye Gizela. Fedha zililipwa. Mama alilisoma jina lile mara tatu.

Kisha tulikipeleka kitabu makaburini. Babu hana kaburi popote. Mama alitia udongo kwa mgongo wa koleo, kama tunavyowazika watu wetu.

"Baba," akasema, "wamekubali kwamba ulikuwepo."