Hedifoni za Shemeji

"Shemeji, suruali imenipasukia matakoni nilipokuwa napanda ndege. Hapa nimekalia koti. Ukitua nitafutie sindano na uzi kabla abiria hawajaona maajabu."

Rubani aliyeitwa Bonge alinong'ona hayo ndege ikiwa imeshatulia angani, jua likielekea kuzama. Nyuma ya pazia kicheko kikalipuka. Abiria wote tisa.

"Kaka," dada yake akasema kutoka kiti cha mbele cha abiria, "hiyo swichi bado iko kwetu. Hayo umetuambia sisi. Pini ninayo, ila sijui kama itakutosha."

Bonge naye akacheka mpaka mkanda ukambana tumbo. Nchi zote alizozunguka, viwanja vyote alivyotua, na bado swichi moja inamuumbua: juu, unaongea na redio, chini, unaongea na abiria. Kitu cha kufundishwa siku ya kwanza.

Masikioni mwake, shemeji pia alikuwa anacheka.

"Pole, Bonge. Sindano utaikuta."

Hawa wawili walijifunza urubani pamoja, wakala sahani moja, mpaka mmoja akamwoa dada wa mwenzake. Sasa kampuni ilikuwa inatafuta rubani mkuu, na ofisini jina la Bonge, si la shemeji, ndilo lililokuwa likitajwa. Shemeji hakununa. Alasiri ile alivua hedifoni zake shingoni na kumvisha Bonge kwa mkono wake mwenyewe.

"Zako zinakwaruza. Chukua hizi. Mimi natangulia na mizigo, nitakupa njia."

Ndivyo walivyofanya kazi. Anayetangulia humweleza wa nyuma mawingu yamekaaje. Rada ya Bonge ilikuwa inazeeka vibaya, leo inaona, kesho haioni. Shemeji hajawahi kumpoteza hata mara moja.

Kitu kimoja tu kilimshangaza Bonge: kumkuta dada yake kwenye foleni ya abiria. Shemeji hakuwa amemtaja. Kwa kawaida angesema, nakukabidhi mke wangu, usimrushe ovyo. Bonge akahisi wamegombana. Hakuuliza. Mambo ya ndani ya watu.

Mbele, wingu lilikuwa limesimama. Jeusi chini, juu limepanuka kama mwamvuli. Rada ikawa nyekundu tupu.

"Shemeji, naona jitu huku. Nipite wapi?"

Kikohozi kidogo kwanza, kama kawaida yake.

"Kulia, Bonge. Huku kweupe."

Bonge akapinda kulia.

Hakukuwa kweupe.

Giza liliwafunika ghafla. Ndege ikaporomoka, ikabebwa juu, ikaporomoka tena. Mvua ya mawe ikaanza kupiga bati... ko, ko, ko... kisha ikawa mngurumo mmoja. Kioo cha mbele kikapata ufa. Mbawa zikaanza kushika barafu. Usukani ukawa mzito kama mtu ameushikilia upande wa pili.

"Shemeji, hapana. Humu siyo."

"Kulia tena. Umekaribia."

Akapinda. Baridi ikazidi. Na hapo akaisikia ile harufu... nywele zilizoungua. Haikutoka kwenye injini. Ilikuwa karibu mno. Ilikuwa sikioni.

"Shemeji, wewe uko wapi hasa?"

Kikohozi tena.

"Karibu nawe, Bonge."

Pazia likavutwa. Dada yake alikuwa ameng'ang'ania kiti, uso umepauka.

"Kaka, unaongea na nani?"

"Na mumeo. Kaa chini."

"Swichi iko chini. Muda wote huu tunakusikia wewe tu. Unauliza, unanyamaza, unapinda."

Bonge akaitazama swichi.

Ilikuwa chini.

Akakumbuka. Walipomcheka alishika tumbo, hakushika swichi. Tangu wakati ule hakuna neno lake hata moja lililotoka nje ya ndege hii. Hata lile la suruali. Na bado alijibiwa.

Alizing'oa hedifoni kichwani, akazitupa sakafuni, akafungua spika ya juu. Sauti ya mwongozaji wa mnarani ikajaa chumba, imekauka kwa kuita.

"...Bonge, jibu. Geuka, rudi ulikotoka. Mbele yako ni dhoruba tupu. Bonge, jibu..."

Akainua swichi. "Nipo. Nageuka."

Akageuka kushoto. Mtu akatapika. Mwingine akamwita mama yake. Chini ya miguu ya Bonge, kutoka kwenye zile hedifoni, kitu kilikohoa.

"Kulia, Bonge..."

Hakugeuza kichwa.

Walitoka kwenye wingu taa moja ya bawa ikiwa imevunjika, wakatua walikotoka, mwanga wa mwisho ukimalizika. Kwenye maegesho ndege ya mizigo ya shemeji ilikuwa palepale, imefunikwa turubai, vizuizi kwenye magurudumu.

"Hii imerudi saa ngapi?" Bonge akamuuliza fundi.

"Irudi kutoka wapi? Haijawashwa leo. Na wewe, mzee, funika nyuma."

Bonge akajifunga koti kiunoni. Akaomba pini ya dada yake, akapasua sponji la sikio la kulia. Ndani mlikuwa na kishungi cha nywele, kimefungwa uzi mweusi, ncha zimeungua. Nywele fupi zenye mvi. Za Bonge mwenyewe. Na katikati yake, umezungushwa mara nyingi, unywele mmoja mrefu wa mwanamke.

Ule mrefu hakutaka kuufikiria.

Shemeji alikuwa chumba cha mapumziko cha marubani, palepale uwanjani, ameketi peke yake, mikono imekumbatia kikombe. Hakushtuka. Alimtazama Bonge kama mtu anayetazama mlango uliosahauliwa wazi.

Bonge akaweka kishungi mezani. Alikuwa ametafuta mzaha tangu mlangoni, kwa mara ya kwanza maishani akaukosa.

"Kwa ajili ya kiti cha rubani mkuu, shemeji? Ungeniomba ningekuachia."

Shemeji akakohoa kidogo. Kikohozi kilekile.

Dada alikuwa amesimama mlangoni, viatu mkononi. Bonge akamwonyesha kwa kidole.

"Huyu alikuwa nyuma yangu, kiti cha mbele. Niambie tu kwamba hukujua."

Shemeji akanywa, akarudisha kikombe mezani.

"Tiketi nilimkatia mimi."