KIKAANGO CHEUSI CHA BUNGU

Chapati ilikuwa bado mdomoni mwa Maryamu pale kaka yake alipoingia uani akasema:

"Maryamu, tema. Unakula mafuta ya nguruwe."

Uani tulikuwa watu kama kumi na watano. Akina mama walikuwa wanachambua mchele wa ndoa yetu. Ndoa ilikuwa Ijumaa. Hiyo ilikuwa Jumatano asubuhi, Manundu, Korogwe.

Maryamu hakutema. Alinitazama mimi.

Mimi ndiye niliyepika.

Wadau, naitwa Mhina, Mzigua wa Handeni. Nimezunguka nchi hii mpaka viatu vimenikataa. Nimekata mkonge, nimepanda malori, nimepika migodini. Nyumba sina. Nilichonacho ni vyuma. Vikaango vya chuma kizito vya zamani, vile vya majikoni kwa mameneja wa mkonge, kimoja kikikuangukia mguuni unakwenda hospitali. Navitafuta kwa wauza vyuma chakavu, navitoa kutu, halafu navilisha mafuta. Unapaka kidogo, unaweka motoni mpaka kifuke moshi, unafuta, unapaka tena. Mara kumi, mara ishirini. Kinakuwa cheusi, kinang'aa, chapati haigandi hata ukisahau kuigeuza.

Kilicho bora kuliko vyote nilikitoa Bungu, huko milimani, kwa bwana mmoja anaitwa Simeo. Nilikikuta tayari cheusi, laini kama kioo. Yai linateleza lenyewe.

Sasa sikilizeni kosa langu.

Sheria yangu ni moja. Chuma kilichotoka kwa mtu unakichoma kwanza, ganda la zamani la mafuta yaliyokaukia lote litoke, ndipo unaanza upya na mafuta yako. Hiki sikukichoma. Nilikionea huruma. Ganda zuri vile, la miaka arobaini, nani angeliunguza?

Na sikumuuliza Simeo kwao walikuwa wanapikia nini.

Miezi saba nikampikia Maryamu kwa kikaango hicho...

"Nani amekuambia?" nikamuuliza Sharifu, huyo kaka mtu.

"Mwenye kikaango. Si ulijisifu mwenyewe kwamba umekitoa Bungu?" Akageukia mlangoni. "Pita ndani, bwana."

Akaingia Simeo mwenyewe, kofia mkononi, anaona aibu.

"Shikamoo, mzee Mhina."

"Marahaba. Sema."

"Mzee, sisi ni Wakristo, unajua. Mama alikuwa anakaangia nguruwe kila sikukuu. Ningejua unampikia nani ningekuambia. Hukuuliza."

Mama mmoja akaweka ungo chini. Mwingine akatoka nje, tukasikia anatapika.

Sharifu alikuwa anafurahi, wadau. Mimi alinikataa tangu siku ya kwanza, ananiita mzururaji. Lakini hata dada yake alikuwa hampendi. Mama yao alikuwa na kikaango cha chuma, ndicho alichowalelea. Kikapotea wiki ileile Maryamu alipoolewa mara ya kwanza, akaenda Handeni. Sharifu akamwambia mama, Maryamu kaondoka nacho.

Mama akamfungia mlango bintiye. Akafa hajampokea hata salamu.

Maryamu alinisimulia mara moja tu, analia. Akanitajia mpaka alama yake. Baba yao alimwomba fundi wa karakana ya mkonge akichonge kwa patasi, chini kwenye tako: mwezi mchanga na nukta mbili. Nukta moja Sharifu, moja Maryamu.

"Mwizi anaolewa na mpika nguruwe," Sharifu akasema. "Mmependezana."

"Kaka, sikuchukua kikaango cha mama."

"Kaliambie kaburi."

Nikasimama. "Kosa ni langu. Nitakichoma sasa hivi, mbele yenu, mpaka kibaki chuma kitupu. Halafu mtaniamulia."

"Huthubutu," akacheka. "Unakipenda kuliko mtu."

Alisema kweli. Ndiyo maana iliniuma.

Nikapanga magogo, nikakilaza kifudifudi, nikakifunika kwa mkaa. Moshi ulipoanza kutoka kila mtu akaziba pua. Harufu ile ilijieleza yenyewe. Sharifu akavuta kiti, akaagiza chai, kila baada ya muda ananirushia neno.

"Mzee, kanzu ya Ijumaa utaivaa kwenda wapi?"

Nikachochea moto.

Adhuhuri ikapita. Ganda likaanza kubanduka kama magamba ya samaki. Nikakivuta kwa koleo, nikakung'uta majivu...



Kwenye tako la kikaango palikuwa na mwezi mchanga. Na nukta mbili.

Sijamaliza kuangalia, Sharifu keshafika na ndoo ya maji.

"Tukipoze," akasema.

"Weka chini hiyo ndoo. Chuma hiki kikimwagiwa maji na moto wake kinapasuka vipande."

"Nimesema tukipoze."

Nikamshika kiwiko. Maji yakatumwagikia miguuni. Wazee wawili, tunasukumana kama watoto bombani. Ndipo Maryamu akasogea, akachungulia, akapiga magoti kwenye majivu.

"Alama ya baba," akasema.



"Simeo mwanangu," Maryamu akauliza taratibu, macho kwenye chuma, "baba yako alikipata wapi?"

"Mnadani, mama. Mimi nilikuwa mdogo. Baba alituambia alibadilishana na kijana mmoja wa huku Manundu. Kijana alisema mama yake amefariki, chombo hakina mwenyewe. Baba akatoa redio yake, ya mkanda mwekundu. Mpaka anakufa alikuwa anaijutia ile redio."

Bibi mmoja pale kwenye mchele akasema, "Redio ya Sharifu."

Basi. Kila mwenye umri wake Manundu anaikumbuka. Sharifu alitembea nayo begani miaka miwili. Alisema kapewa na mjomba, Tanga.

"Nilikuwa mtoto..." Sharifu akaanza.

"Ulikuwa na miaka kumi na tisa. Na mama alikuwa hai. Ulimzika kwa mdomo, kwa ajili ya redio, halafu ukanibebesha mimi."

"Maryamu, mdogo wangu..."

"Toka uani kwangu."

Akatoka. Chai yake ikabaki kwenye kikombe.

Hapo, ndugu zangu, nikajidanganya. Nikadhani nimeshinda. Nikasema, "Basi, Maryamu, sasa sisi..."

"Na wewe."

"Mimi?"

"Ulijua kimetoka nyumba ya Wakristo?"

"Nilijua."

"Na ulijua kwamba kinatakiwa kuchomwa kwanza?"

"Nilijua."

"Kaka yangu aliniuza kwa redio. Wewe umeniuza kwa ganda."

Nikaweka koleo chini, nikatoka.

Ijumaa ikaja, ndoa haikuwepo. Mchele wakagawiwa majirani.

Sasa niko Handeni, napikia mafundi wa barabara. Kila chuma ninachokipata nakichoma kwanza, hata kiwe kizuri namna gani. Kisha namuuliza mwenyewe kilipikiwa nini, na anayekula kwangu namwambia. Hilo ndilo ninalowaachia, wadau: usimpikie mtu kwa chombo unachoogopa kukiulizia.

Mwezi uliopita nilipita Manundu. Maryamu anauza chapati mwenyewe, kwa kikaango cha mama yake. Alikiosha mara saba, moja kwa udongo, kama maalimu alivyomwelekeza, akaanza kukilisha mafuta ya alizeti. Kimeanza kushika weusi, bado kina madoa. Nilitaka kumwambia anapaka mafuta mengi kwa mara moja, ndiyo maana yananata.

Nikapanga foleni.

Zamu yangu ilipofika hakuinua uso.

"Ngapi, mteja?"