Uzi wa Ishirini na Moja

Mimi ni fundi cherehani, na kazi hii imenizoesha kupima kabla ya kukata. Kwa hiyo haya ninayoyasema nimeyapima. Yalimpata shangazi yangu, dada yake baba, nami nilikuwepo kwa macho yangu. Atakayeona nimetia chumvi aje dukani nimwonyeshe droo.

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Jumanne, saa nne asubuhi, niko kwenye sare za shule, akaingia binti mmoja mwenye buti za matope na suruali iliyofumuka pindo. Tulimjua kwa sura. Ndiye mkaguzi aliyekuja kukagua mitambo ya upepo kule mlimani, ile minara kumi na miwili ambayo sisi huku tunaiita mafeni. Nikamshonea pindo lake huku yeye amekaa kwenye benchi amejifunga pazia la mteja kiunoni, tukachekeana. Kabla hajaondoka akauliza kama nina uzi usiopauka kwa umande. Nilikuwa na roli moja la rangi ya chungwa, limebaki kwenye kazi ya mwaka juzi, hakuna aliyelitaka. Akaomba vipande ishirini, kila kimoja urefu wa kidole.

Nilikata ishirini. Nilivihesabu mara mbili, akavihesabu na yeye. Halafu nikachomeka ncha ya uzi kwenye mpasuko wa roli, nikaliweka kwenye droo pamoja na mkasi wangu mzuri, nikafunga kwa ufunguo ninaouvaa shingoni. Uzi ulikuwa wa nini, sikuuliza.

Sasa shangazi. Yeye alikuwa ameajiriwa kwenye minara hiyohiyo, kazi yake kuokota popo waliokufa. Ndiyo, kazi hiyo ipo na ina mshahara. Kila jua likichomoza anazunguka chini ya kila mnara mstari kwa mstari, hatua tano kutoka mstari hadi mstari, anapekua nyasi kwa kijiti. Akimpata popo anajaza fomu: namba ya mnara, saa, aina ya popo. Kisha anamtia kwenye mfuko na kumpeleka kwenye friza la ofisi. Watoto wa mtaani walimwita Mama Popo, wakimwona wanapiga mikono kama mabawa, naye anawatishia kwa ndala huku anacheka.

Popo wenyewe si wale wa kwenye dari zetu. Ni wadogo, wana kifua cheupe, na wanaishi kwenye mapango ya mlima ule peke yake. Wamebaki wachache mno, na jike huzaa mtoto mmoja kwa mwaka. Ndiyo maana kibali cha minara kiliandikwa hivi: wakifa kumi ndani ya mwaka, minara isimamishwe usiku upepo unapokuwa hafifu, maana popo hao huruka upepo ukiwa hafifu. Hakuna zaidi ya hapo. Na upepo hafifu hauzalishi umeme wa maana, kwa hiyo kampuni isingepoteza chochote cha kulilia.

Kuna jambo moja shangazi alinieleza tukiwa tunakunywa chai, nami sikulisahau. Popo wengi hawaguswi kabisa na panga la mtambo. Nyuma ya panga hewa hunywea ghafla, na mapafu yao yanapasuka ndani kwa ndani. Unamwokota mzima, hana hata mkwaruzo. Ni tone moja tu la damu puani.

Meneja wa pale tulimpa jina la Sifuri, kwa sababu ripoti zake zote zilisomeka hivyo. Ajali, sifuri. Malalamiko, sifuri. Getini alitundika ubao ulioandikwa SIKU BILA TUKIO, na namba alikuwa akiibadilisha mwenyewe kila asubuhi, anarudi nyuma hatua mbili kuitazama kama mtu anayepima picha ukutani. Kwa mwaka mzima shangazi alipata popo wawili. Alikuwa akikuta nyasi zimelazwa, na umande umekwisha kufutwa. Akamwambia meneja. Meneja akamjibu kwamba ni mbweha.

"Mbweha gani anavaa buti?" shangazi aliniuliza.

Alhamisi akaja dukani, akakaa kwenye benchi bila kunisalimia. Mkaguzi alikuwa amempima, jambo la kawaida kwenye kazi yao. Jumatano jioni alitawanya popo ishirini waliokufa zamani, aliowatoa kwenye friza lake la safari, kila mmoja amefungwa uzi mguuni, aone mwokotaji atawaona wangapi. Shangazi akapita alfajiri minara yote kumi na miwili. Hakumwona hata mmoja. Mbele ya ofisi nzima, Sifuri akatikisa kichwa kwa huruma, akasema mama wa watu amechoka, macho yamekwisha, atafutiwe kazi ya kufagia. Mkaguzi alikuwa anaondoka Jumamosi. Ripoti yake ingeandika kwamba mwokotaji haoni, shangazi angefukuzwa, na mafeni yangezunguka usiku kucha kwa miaka mitano mingine hadi ukaguzi ufuatao.

Shangazi yangu ni mtu anayeingia dukani kwangu akainama na kuokota sindano niliyoitafuta kwa sumaku siku mbili. Leo eti macho yamekwisha. Damu ilinichemka hadi nikashindwa kutunga uzi. Kwa sababu sasa nilijua vipande vyangu vilikuwa vya kazi gani, na tulielewa wote wawili bila kuambiana. Sifuri alikuwa akimtangulia kila siku na gunia. Jaribio lile ni la siri, hakuambiwa. Alizoa popo ishirini gizani, akadhani ni usiku mbaya tu, hakuangalia miguu. Mkaguzi alipotaja uzi ofisini, ndipo akajua amezoa nini. Akanyamaza. Akamtazama shangazi usoni, uso mkavu, akamwacha apakwe matope. Hapo ndipo mimi sijamsamehe mpaka leo, na sijaribu.

Ijumaa saa kumi na moja alfajiri tulikuwa mlimani, tumechuchumaa nyuma ya kibanda cha transfoma, mnara namba saba. Nilitaka nimpige video. Kulikuwa na ukungu, na upepo hafifu. Mapanga yalizunguka taratibu juu yetu. Vuu. Vuu. Vuu. Shangazi alikuwa na mfuko wake wa kazi begani, fomu ndani, kama siku zote.

Sifuri alikuja kwa miguu, taa kichwani, gunia mkononi. Akaanza mstari wa kwanza. Anainama, anaokota, anatia. Alifanya upesi, kazi aliyoizoea. Shangazi alinishika mkono, kucha zikaniingia. Mimi sikuacha kurekodi.

Alifika mwisho wa mstari, akageuka. Taa yake ikaangaza pale alipotoka kupasafisha.

Palikuwa na popo. Amelala chali, kifua cheupe juu.

Alisita, akarudi, akamwokota. Hatua mbili mbele, mwingine. Akamwokota. Nyuma yake, mwingine. Mimi sikuona kitu kikidondoka. Nilikuwa naangalia nyasi zilezile, tupu, taa inapita, inarudi, na yupo.

Ndipo alipomwinua mmoja kwa mguu, akasimama. Hata kutoka tulipokuwa, niliiona rangi. Mtu hausahau uzi wake mwenyewe. Ilikuwa rangi ya chungwa.

Akalifungua gunia, akamulika ndani. Alitazama muda mrefu.

"Niliwachoma," alinong'ona. Hakuwa anatuambia sisi, hakujua kama tupo. "Niliwachoma jana kwenye pipa. Wote niliwachoma."

Halafu akaanza kuhesabu. Sauti ilikuwa yake, lakini ilitoka bila pumzi. Anainama, anaokota. Kumi na saba. Anainama. Kumi na nane. Shangazi alikuwa ameacha kunibana, amenishikilia tu. Kumi na tisa.

Ishirini.

Masikio yangu yakaziba, kama ukiwa kwenye gari linaloshuka mlima mkali. Nikatazama juu. Mapanga yalikuwa yanazunguka. Sauti hakuna. Nyasi hazikutikisika. Sifuri aliinama tena, polepole, mkono ukashuka kwenye buti lake mwenyewe, ukakishika kifundo cha mguu wake kama alivyokuwa akiwashika wale.

"Ishirini na moja," akasema.

Akaanguka. Sauti ya mapanga ikarudi palepale.

Mimi nilikimbia kwake. Shangazi alikuja akitembea. Akatoa fomu, akatoa kalamu, akalifungua gunia na kuanza kuhesabu mmoja mmoja, anaandika. Mnara namba saba. Saa kumi na moja na dakika arobaini. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Shangazi, mtu anakufa hapa."

"Na hawa?" akasema, bila kuinua kichwa.

Alimaliza kuandika ishirini, akatia sahihi, ndipo akampigia simu mlinzi. Asubuhi ile nilimwona mkatili. Siku hizi simwoni hivyo.

Sifuri alikuwa hai, anapumua kwa mlio. Mwilini hakuwa na jeraha lolote. Puani tone moja la damu. Mlinzi akaniambia tumvue buti apate nafuu. Nikafungua kamba, nikavuta buti, nikavuta soksi ndefu nzito. Chini ya soksi, kwenye ngozi, umefungwa uzi. Ulikuwa na fundo dogo, ncha zimekatwa sawa. Nilirudi kwenye gunia kuhesabu, miguu ishirini ina nyuzi ishirini. Nilirudi kwake. Bado ulikuwepo.

Mkaguzi alifika jua limepanda. Aliwatoa popo kwenye gunia, manyoya yao yana barafu, kama wametoka frizani dakika ile. Akayatambua mafundo yake. Kisha shangazi akampeleka nyuma ya stoo, kwenye pipa. Majivu yalikuwa yamepoa. Ndani yake mlikuwa na mafuvu madogo kama punje za mahindi, na yule binti aliyatoa moja moja na kuyapanga juu ya karatasi. Yalikuwa ishirini. Alikaa pale amechuchumaa. Mwishowe akayarudisha ndani, akaandika kwenye ripoti ya gunia peke yake. Ya pipa, aliniambia, hakuna meza atakayoiweka juu yake asichekwe.

Video ilitosha. Inamwonyesha Sifuri akiokota na kutia guniani, ingawa dakika za mwisho hazina sauti. Shangazi alibaki na kazi yake, akarudishiwa jina lake, na minara sasa husimama usiku upepo ukinyong'onyea. Unaweza kuiona kutoka dukani kwangu jua likizama, mapanga yamekufa kimya, na baada ya muda mchache popo wanapita katikati yake. Ubao wa getini waliung'oa.

Sifuri mwenyewe alipona. Daktari alimuuliza kama alikuwa karibu na mlipuko, maana mapafu yalivuja damu namna hiyo. Kampuni ikatoa barua kwamba meneja alizidiwa na kazi. Shangazi hakuombwa radhi na mtu, hata na mfagiaji. Na baada ya miezi mitatu tukasikia kwa dereva wao kwamba Sifuri amepelekwa mahali pengine, kwenye minara sitini, kwa cheo kikubwa zaidi. Getini kwake ameshatundika ubao mpya.

Nimebakisha droo.

Ijumaa ile nilirudi dukani nikafungua kwa ufunguo wangu wa shingoni. Roli lilikuwa mahali pake. Ncha ya uzi ilikuwa imetoka kwenye mpasuko, inaning'inia, imekatwa safi. Mkasi ulikuwa wazi, nami sijawahi kuuweka mkasi wazi. Nilijiambia nimechanganyikiwa, nikaurudisha uzi, nikapima roli lote kwa futi, nikaandika urefu wake ukutani, nikafunga.

Kwa miezi mitatu haukupungua hata kidogo. Tangu Sifuri ahamie huko aliko, unapungua. Napima kila Jumatatu. Haupungui ovyo. Ni urefu wa kidole, na kidole, na kidole. Wiki ya kwanza vilipotea vipande vinne. Wiki iliyofuata tisa. Nilimweleza shangazi. Aliuliza tu vimefika vingapi, akatoa fomu kwenye mfuko wake, akajaza. Mahali pa namba ya mnara aliacha wazi. Mpaka Jumatatu iliyopita tumejaza hamsini na mbili, na kule ripoti zinasema sifuri.

Sijui kipande cha mwisho kitafungwa mguu gani. Ila roli bado lina uzi mwingi. Ile droo siifungi tena, na mkasi nauacha juu yake, nimeunoa.